Waacheni kwanza hao "wataalamu mbalimbali"

Kama umesoma chuo hapa Bongo, hasa upande wa lugha, hii sentensi unaijua kwa kichwa: "Wataalamu mbalimbali wamefasili dhana ya mofimu kwa mitazamo tofauti tofauti." Baada ya hapo wanaingia mmoja mmoja na miaka yao kwenye mabano, huyu kasema hivi, yule kasema vile, halafu inakuja "kutokana na fasili hizo tunaweza kusema kwa ujumla kwamba mofimu ni..." na hapo mtu kashamaliza ukurasa mzima na nusu hajakuonyesha mofimu hata moja, yaani kile kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana. Hata moja jamani. Lugha anayo mdomoni tangu hajajua kutembea vizuri, mofimu anazitoa kila akifungua kinywa, ila kwenye karatasi hazionekani.

Mi ni TA. Kwa wasiojua, TA ni yule mtu wa katikati, sio mwalimu kamili na sio mwanafunzi kamili. Lekchara anafundisha ukumbi mkubwa watu wamejaa mpaka wengine wamesimama ukutani, halafu lile darasa linakatwa vipande vya semina na kila kipande anakabidhiwa TA, na huyo TA mwenyewe ana tasnifu yake ya uzamili imelala kwenye laptopu, msimamizi yuko Dar anaandika "vipi sura ya tatu?" na TA anajibu "naimalizia, profesa" huku anapanga karatasi za testi za watoto wa watu mezani. Nafundisha chuo kimoja hapa Arusha, jina tuliache. Utangulizi wa isimu, yaani sayansi ya lugha, kwa mwaka wa kwanza, na mofolojia kidogo, maneno yanavyoundwa, kwa mwaka wa pili. Wengi wanasomea ualimu, kwahiyo hiki ninachowafundisha leo kesho wanaenda kukimwaga kwa watoto wa sekondari huko Monduli, Same, Kiteto, na ndo maana haya mambo yananiuma kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mshahara wangu.

Kabla sijafika kwenye isimu yenyewe niseme hili la umri kwa sababu hakuna aliyenionya. Darasani sio watoto wa form six peke yao, kuna walimu waliokuja kujiendeleza, kuna baba mmoja alianza kushika chaki mimi sijaanza hata la kwanza, anakaa mstari wa mbele, daftari kalipiga mistari kwa rula. Sasa salamu inaendaje hapo? Mimi kwa malezi yangu siwezi kumpita mtu mzima bila shikamoo, lakini darasani mimi ndo mwalimu. Basi nikimkuta nje ya mlango nasema "Shikamoo mwalimu", anaitikia "Marahaba, hujambo mwanangu", tukishaingia ndani ananyoosha mkono kama wenzake, "Samahani madam, naomba kuuliza." Hatukukubaliana, imejipanga yenyewe tu. Tulipofika kwenye isimujamii nikamwomba ruhusa niitumie kama mfano, darasa likacheka, yeye akacheka kuliko wote.

Haya. Watoto wa form six wanafika chuo na vitu viwili kichwani. Cha kwanza ni hizo fasili za wataalamu, na siwalaumu, ndo zimewavusha mtihani wa taifa. Cha pili ni kwamba mtu wa isimu kazi yake ni kukamata watu wanaosema "nyimbo hii" badala ya "wimbo huu". Wanakaa wanasubiri niwape sheria zaidi za kukamatia watu.

Sasa mimi semista hii semina ya kwanza sikugusa fasili kabisa. Nikaandika ubaoni "machalii wangu" na "machalii zangu" (chalii ni kijana, kwa lugha ya mtaani Arusha), nikauliza mnasemaje huku mjini. Kimya. Halafu mkono mmoja nyuma: "Madam, ila chalii sio Kiswahili sanifu." Sijauliza hicho! Nimeuliza mnasemaje. Ikabidi nichokoze kidogo, nikasema basi mi nitaandika kwamba wote mnasema "wangu", hapo ndo moto ukawaka, dada mmoja wa Kijenge akasema hapana madam, tunasema "zangu", kama unavyosema rafiki zangu na ndugu zangu, mtu wa karibu anaenda na zangu. Kijana wa Sakina akamkatalia, mbona tunasema "machalii wamekuja", hatusemi "zimekuja", kwahiyo wangu ndo inafuata. Aisee nilitamani kuwarekodi. Wote wawili wametoa hoja ya upatanisho wa kisarufi, tena hoja ya nguvu, mmoja anaangalia kimilikishi na maneno ya udugu, mwingine anaangalia kitenzi na uhai wa nomino, na hakuna aliyemtaja mtaalamu yeyote wa mwaka wowote.

Nikawapa kazi: nendeni stendi, nendeni Kilombero sokoni, pandeni vifodi, msikilize. Na usimuulize mtu "wewe unasemaje", ukimuuliza tu anakaa mkao wa darasani anakupa ile aliyochapiwa shuleni. Kaa usikilize, au mtege. Hapo nikawapa stori ya Labov, yule Mmarekani ambaye miaka ya 60 alikuwa anaingia maduka makubwa ya New York anaulizia kitu ambacho anajua kabisa kipo ghorofa ya nne, sio kwamba anataka kununua, anataka tu amsikie muuzaji akitaja "ghorofa ya nne" kwa Kingereza, fourth floor, kwa sababu kwenye yale maneno mawili kuna r mbili na yeye alikuwa anahesabu nani anaitamka na nani anaimeza. Watoto walifurahi sana, yaani kwenda dukani kuulizia kitu usichonunua ni utafiti? Wiki iliyofuata kuna waliokuja na kurasa nne za sentensi za makonda.

Swali la "sanifu ni ipi" halikufa lakini, linarudi kila wiki. Mwisho nikaamua kulijibu kwa historia, sio kwa mahubiri. Nikawaambia hicho Kiswahili sanifu hakikushuka na mvua, kuna watu walikaa kikao Mombasa 1928 wakachagua Kiunguja kiwe msingi, kilichoachwa pembeni ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambacho kilikuwa na ushairi wake mkubwa tu, 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia, ikaanza kazi ya kupitisha vitabu. Wangechagua kingine leo NECTA, baraza la mitihani, ingekuwa inakukata maksi kwa kusema vile unavyosema sasa. Baadhi waliudhika. Yule baba wa mstari wa mbele akaandika kila kitu, tarehe kapigia mstari.

Ngeli ndo vita nyingine. Sekondari wamefundishwa A-WA, LI-YA, KI-VI, I-ZI, huku juu wanakuta namba, ngeli ya 1 na 2, ya 3 na 4, mpaka 18, mambo ya kina Bleek na Meinhof, wale Wajerumani waliochambua lugha za Kibantu, na wanaona kama wamedanganywa miaka yote. Hawajadanganywa. Ile ya shule inaangalia kitenzi kinavyokubaliana, hii nyingine inaangalia umbo la nomino yenyewe, ndo maana "kifaru" kwa umbo ni wa 7 lakini akishaanza kutembea ni A-WA, kifaru anakuja, huwezi kusema kinakuja labda kiwe cha jeshi. Hapa nilipita haraka. Kilichonifurahisha ni swali la binti mmoja mkimya aliyeshika desa, zile notisi za kopi: "Madam, kwenye hili desa ngeli ya 12 na 13 mbona zimerukwa?" Swali zuri sana hilo, maana namba ni za Kibantu chote sio za Kiswahili peke yake, 12 na 13 ni zile za ka- na tu-, Wakikuyu wanazo hapo jirani, Kiswahili sanifu hakina. Kabla sijamaliza kusema hakina, mtu akatoka nyuma kwa sauti ya chini, "kademu kazuri". Darasa chini. Lakini huyo kijana ndo alikuwa mtu wa isimu pekee mle ndani dakika ile! Katoto kake, kanyumba kale, kademu kazuri, upatanisho umekamilika, ka- kwenye nomino, ka- kwenye kivumishi, ka- kwenye kimilikishi na kionyeshi, na wote mnasema kila siku, halafu mnaniandikia kwenye testi "ngeli hii haipo katika Kiswahili". Haipo kwenye desa.

Sasa niende kwenye kile ambacho hasa kimenifanya niandike hii posti.

Tulikuwa kwenye yambwa, yule au kile kinachotendewa kwenye sentensi. Nikaandika "Mama anampikia mtoto chakula", yambwa mbili, mtoto na chakula. Nikasema kwenye kitenzi tunaweza kuweka kiambishi cha mtoto, -m-, anampikia. Je tunaweza kuweka na cha chakula hapo hapo? "Anakimpikia." Wakacheka wote, haiwezekani, inasikika kama mtoto wa miaka miwili anajifunza kuongea. Nikaandika kinyota mbele yake, ile alama ya kuonyesha tungo haikubaliki, nikawa nageuka kuendelea. Dada mmoja wa Kilema, Vunjo huko juu, akanyoosha mkono nusu, ule mkono wa mtu ambaye hana hakika kama anaruhusiwa, akasema "Madam, ila kwetu inakubali."

Kwetu wapi? "Kwetu nyumbani, Kichaga."

Nikamwita ubaoni. Akasita, akasema Kichaga cha kuandika hajawahi. Nikamwambia andika unavyosikia. Akaandika sentensi ya mtu kumlia mke wake chakula, nailyiia mka kelya, halafu akaandika naikimlyiia, akageuka akasema hapo ndo nimesema "anakimlia", chakula na mke wote wamo ndani ya kitenzi. Ki ya chakula, m ya mke. Darasa likakaa kimya kidogo halafu mtu akauliza, sasa huyo mume anamlia mke chakula kwa kumsaidia au kwa kumdhulumu? Dada akasema inategemea na mume.

Hapo nikaweka chaki chini, maana nilikuwa nimesubiri kitu hiki wiki kadhaa bila kusema. Nikawaambia hiyo sentensi aliyoandika mwenzenu, au ndugu yake wa karibu sana, imechapishwa mwaka 1990 kwenye jarida la Linguistic Inquiry, moja ya majarida makubwa ya sintaksia (muundo wa sentensi) duniani, makala ya Joan Bresnan wa Stanford na Lioba Moshi, Mtanzania, na Kichaga kilichomo mle ni Kivunjo. Ile makala mpaka leo mtu akiandika kuhusu yambwa mbili kwenye lugha yoyote ya Kibantu lazima aipitie. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba lugha za Kibantu zimegawanyika, kuna lugha ambazo yambwa zote mbili zina haki sawa, Kichaga kikiwa mfano, na kuna lugha ambazo yambwa moja inabebwa na nyingine inaachwa nyuma. Angalia kutendwa: Kiswahili nasema "mtoto anapikiwa chakula", sawa, ila nikijaribu "chakula kinapikiwa mtoto" masikio yanakataa. Kivunjo zote mbili zinapita, mke anaweza kuwa kiima, chakula kinaweza kuwa kiima. Viambishi vile vile, mnyambuliko ule ule wa kutendea, kumbe ndani kuna mitambo tofauti.

Yule dada alikaa chini. Hakusema kitu. Ila semina zilizofuata alianza kukaa mstari wa pili.

Na Mhaya mmoja tuliye naye akasema kwao sio viwili tu, kwao hata vitatu vinaingia. Darasa zima "aaaah, Mhaya huyo", unajua tena utani wa Wahaya na kujisifia, ila safari hii ikabidi niwatulize niwaambie jamani ni kweli, Kihaya kinajulikana kwa hilo, viambishi vya yambwa vitatu kwenye kitenzi kimoja vinakaa. Alifurahi mpaka nikajuta, maana kila kipindi sasa anasema "kama nilivyosema wiki ile".

Baada ya siku ile mlango ukafunguka. Zamani nilikuwa naomba mfano wa lugha ya nyumbani napewa kimya, na sababu naijua, hawa ni watoto waliovalishwa kibao au kuchapwa shuleni kwa kuongea "kilugha". Neno lenyewe kilugha, kama vile Kiswahili ndo lugha na hizo nyingine ni mabaki. Sasa wanashindana.

Kijana wa Kimaasai wa Longido ndo alitupa semina bora kuliko zote kwa maoni yangu, na alitumia majina ya sehemu ambazo tunapita kila siku. Alianza na Ngarenaro. Wote tunaijua, wengine wanakaa huko. Akaongeza Ngarenanyuki ya Meru na Ngarenairobi ya Siha. Ngare ni maji, enkare, halafu kinachofuata ni maji gani, meusi, mekundu, ya baridi. Ndo hiyo hiyo Nairobi ya Kenya, ndo hiyo Narok. Kisha akaandika upande wa pili majina ya milima, Oldoinyo Orok ambao ndo huu Mlima Meru wetu hapa dirishani, na Oldoinyo Oibor, Kilimanjaro, mlima mweupe. Akauliza, mnaona nini? Hakuwaambia! Mwalimu kamili. Ikachukua muda, halafu mtu akaona: narok na orok. Neno moja, weusi, ila maji yanachukua na-, mlima unachukua o-. Maji ni jike, mlima ni dume. Upatanisho huo, kama ngeli zetu, ila wao wana mbili, na wanaweza kucheza nazo, olalem ni sime, enkalem ni kisu, kitu kikiwa kikubwa kinakuwa dume kikiwa kidogo kinakuwa jike. Wasichana wakapiga kelele hapo. Akasema msinilaumu mimi, halafu Mungu kwetu ni Enkai, jike, kwahiyo tulieni. Mi nikaongeza tu kwamba sisi kazi hiyo tunaifanya kwa ji- na ki-, jitu na kijitu, jisu na kisu. Nikakaa.

Halafu kuna Wairaqw. Kijana wa Karatu alitufundisha kwamba nchi nzima tunamkosea Dk. Slaa, yule aliyegombea urais 2010. Tunasema s halafu l. Kwa Kiiraqw ni sauti moja tu, ulimi unakaa kwenye l ila pumzi inapita pembeni kwa nguvu bila kupiga sauti kooni, Wawelisi huko Uingereza wanayo, wanaiandika kwa l mbili. Tulijaribu wote, tukarushiana mate, waliokaa mbele waliomba kuhama. Na maandishi yao yana mkwaju, ile / ya kwenye kibodi, ni herufi kabisa, inasimamia sauti ya kooni kama ile ain ya Kiarabu. Mtu wa mwaka wa kwanza aliyeelewa kwamba herufi ni makubaliano tu na sauti ni kitu kingine, huyo fonolojia, somo la mfumo wa sauti, haitamsumbua.

Ukiangalia hapo, Greenberg, mwanaisimu Mmarekani, mwaka 1963 aligawa lugha za Afrika kwenye makundi makubwa manne, na ukitoka Arusha mjini ukaenda Karatu mpaka Ziwa Eyasi umeyagusa yote manne kabla jua halijazama. Wabantu, Wanilotiki, Wakushi, na Wahadzabe wenye sauti zao za kidoko ambao Greenberg aliwaweka na Wakhoisan na siku hizi wataalamu wengi wanasema lugha yao inasimama peke yake. (Eh, na mimi nimesema wataalamu wengi. Inaingia kwenye damu.) Halafu hapa hapa mlimani Waarusha na Wameru ni majirani wa ukuta kwa ukuta, mmoja anaongea Kimaa, mwenzake Kirwa ambacho ndugu yake wa karibu ni Kimachame cha mlima mwingine kabisa. Na sisi darasani tunafundisha familia za lugha kwa mchoro wa mti wa Kijerumani na Kifaransa uliotolewa kopi mpaka umefifia.

Kozi ile ile naifundisha na kwa Kingereza, kwa wale wa idara nyingine. Mada zile zile, ubao ule ule. Kimya tupu. Sio kwamba hawajui, mmoja wao ni binti wa Rombo anayeongea lugha tatu vizuri, ila swali likija kwa Kingereza anatafuta kwanza sentensi ya kujibu, akiipata mada imeshapita. Nikigeuza dakika tano kwa Kiswahili, mikono kumi. Halafu mtu anakuja kukuambia wanafunzi wa siku hizi hawana hoja.

Sasa msidhani kila kitu ni raha. Baada ya ile semina ya Kimaasai CR, yaani mwakilishi wa darasa, alinifuata nje, kijana mstaarabu, akasema madam sisi tunafurahi sana, ila tunaomba kuuliza, hii itatoka kwenye UE, ule mtihani wa mwisho wa semista? Na jibu la kweli ni kwamba sijui, kwa sababu mtihani situngi mimi. Anatunga lekchara, na lekchara ana karatasi mamia za kusahihisha ndani ya wiki mbili tatu, na "fasili dhana ya mofimu" inasahihishwa haraka kuliko "hizi hapa data za lugha usiyoijua, eleza unachokiona". Simtetei ila namwelewa, mimi mwenyewe ikifika fungu la pili usiku, macho yanaomba swali lenye jibu moja. Na mwanafunzi naye namwelewa, akila sapu anarudi kufanya mtihani wakati wenzake wako likizo, akidisko, yaani akiondolewa chuo, mkopo wa bodi ndo umeisha hapo, na huko nyumbani waliuza ng'ombe. Huwezi kumwambia mtu huyo asahau UE apende elimu.

Kwahiyo nimeshuka kidogo. Nawapa na nondo zao, zile fasili za kukariri. Ila nimegeuza mpangilio: data kwanza, wanahangaika nazo, wanatoa maelezo kwa maneno yao, halafu mwishoni ndo tunafungua desa tunaona fulani kasemaje na tunaangalia kama fasili yake inaimudu ile naikimlyiia ya ubaoni. Mara nyingine haiimudu. Kuna fasili moja ya dhana ya "neno" tuliyoisoma ikashindwa na sentensi nzima ya Kivunjo iliyokaa ndani ya kitenzi kimoja, na watoto wakaniangalia kama vile mtu kaanguka kwenye kiti. Wataalamu nao wanakosolewa! Basi mwandike hivyo kwenye UE, nikawaambia, fulani kasema hivi lakini ukichukua Kivunjo inagoma kwa sababu hii. Lekchara yeyote akikutana na hiyo karatasi saa sita usiku ataamka.

Ila notisi wanazoandika bado zinanitisha. Juzi nimeazima daftari la mmoja nikakuta nimenukuliwa nikisema Chomsky, yule mwanaisimu Mmarekani, alifanya utafiti Ngarenaro. Nikamkumbuka Saussure maskini, yule mwanaisimu Mswisi, kafa 1913, kile kitabu kinachobeba jina lake kimetoka 1916 na hakukiandika yeye, wenzake wawili walikiunga kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi. Isimu yote ya kisasa imesimama hapo. Nikarudisha daftari nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, huwezi jua.

Lekchara wangu, namshukuru, amekubali testi ya pili niweke swali moja la data. Moja tu, maksi kumi. Na mada nimeshaipata bila kuitafuta, kwa sababu watoto wa Rombo walisikia habari za Kivunjo kusifiwa wakaudhika. Wanasema na wao kwao inakubali. Wa Machame wanasema sio wote, wa Kibosho wanasema Warombo hawaeleweki wakiongea, itajulikanaje, na kweli hao wote tunawaita Wachaga lakini Mrombo na Mmachame wakikutana stendi ya Moshi wanaongea Kiswahili. Mimi jibu sina. Nimewaambia kila upande wakiwa nyumbani wikiendi hii wakae na bibi jikoni, wasimuulize kuhusu viambishi, wamwache apike na aongee, waje Jumanne na sentensi kumi kila kundi, na asiwepo mtu wa kuniletea ukurasa wa utangulizi.